Kwenda Kuchanja Watoto Ng'ambo ya Garsen

Watu wa kwetu wameniuliza habari za safari hii mara nyingi, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa naiandika yote mara moja, ili nisiulizwe tena.

Niliondoka kijijini kwetu, karibu na Hola, kwa sababu dresa wa chanjo wa Serikali alitaka mkalimani wa Kiorma, na kwa sababu nyumbani kwangu hapakukalika. Mwanangu wa kwanza, Komora, alikufa kwa ndui kabla ya mvua kubwa. Alikuwa na miaka minne. Alikuwa amechanjwa. Hilo kijiji kizima kinalijua, na ndilo lililoleta taabu, kwani dresa aliporudi kuchanja mara ya pili, akina mama walimwambia usoni kwamba mwana wa mkalimani wako ulimchanja na akafa. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mke wangu. Tulikuwa tumebakiwa na Hawa, binti wa miezi saba, na mama yake aliapa kwamba chuma cha dresa hakitamgusa mtoto huyo maadamu yeye yu hai.

Kuna jambo ambalo kijiji hakikulijua. Siku Komora alipochanjwa, mimi ndiye niliyeyageuza maneno ya dresa kwa Kipokomo mbele ya watu wote: msioshe mkono, msipake kitu, kidonda kikitoka kiacheni mpaka gamba lidondoke lenyewe. Niliyageuza vizuri. Jioni mtoto akalia kwamba mkono unamwasha, na mama yake alikuwa mtoni. Nikapasha maji, nikatia chumvi, nikauosha mkono, nikapaka majivu, kama tunavyofanya kwa kila mkwaruzo. Akanyamaza. Mkono haukuvimba wala kutoa kitu, nami nikafurahi kwamba umepona upesi. Ndui ilipomchukua nilielewa nilichofanya. Nikakaa kimya miezi mitano.

Siku ya kuondoka mke wangu alikuwa akitwanga. Hakusimamisha mchi.

"Unakwenda kuwachanjia wenzako watoto?"

"Nakwenda kutafsiri."

"Basi tafsiri vizuri, Baba Komora. Waambie na habari za Komora."

Nikasema nitawaambia. Wakati huo sikujua kama nasema kweli.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mtoni. Dresa, Bwana Athman, ni mtu wa Kipini, mwembamba, msafi, anayesema ndia pale tunaposema njia, mai pale tunaposema maji, yana pale tunaposema jana, na kutanja pale tunaposema kuchanja. Dawa yake ilikuwa ndani ya vijiti vya kioo vyembamba kama miba ya nungu, na vijiti vilikuwa ndani ya themosi, na themosi ilikuwa ndani ya gunia lililoloweshwa. Dawa ile ikipata joto hufa, na ikifa haionekani kuwa imekufa. Kwa hiyo alilikumbatia gunia katikati ya magoti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa tajiri, na kila tulipofika kivulini alilimwagia maji kwa kata.

Mtumbwi ulikuwa wa mtu wa kwetu, mpiga kafi mzuri, mwenye mdomo.

"Bwana Dresa," alisema, "kiboko akitupindua, tuokoe wewe au chupa?"

"Chupa kwanza. Mimi kwetu tuko wengi." Kisha akatazama pembeni. "Na mai haya yana viboko wangapi?"

"Leo au kila siku?"

Bwana Athman alilikaza gunia magotini. Tuliteremka na mto siku mbili. Kingo zilikuwa na mahindi na migomba, kisha msitu, kisha migomba tena. Hakuna la kusimulia zaidi, ila kwamba kila nilipoona mtoto akioga ukingoni nilimtazama mkono wa kushoto.

Siku ya tatu, Kulesa. Tulifika saa tatu asubuhi, na chifu alikuwa amekwisha kuwaita watu. Chini ya kipaa cha baraza lake palikuwa na wazee sita na mbuzi mmoja. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Wazee walisema watu wa Kulesa hawana ubishi na chanjo, wanaitaka sana. Tukangoja mpaka saa tano. Mbuzi akaondoka.

Nikaenda mashambani kutafuta hao wanaoitaka sana. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kila shamba lilikuwa na dungu, na kila dungu lilikuwa na mwanamke juu yake, ana teo na rundo la madonge ya udongo, akipiga kelele kuwafukuza ndege. Watoto walikuwa chini ya dungu. Nilimwendea wa karibu, nikamwamkia, nikamweleza kwamba dresa anangoja kwa chifu.

"Namwona tangu asubuhi," alisema bila kuacha kurusha. "Nenda ukawaambie ndege wangoje, nami nije."

"Ni muda mfupi tu, dada."

"Wewe umewahi kulinda mpunga?"

"Nimewahi."

"Basi panda."

Nikapanda. Akashuka, akambeba mmoja, akamshika mkono mwingine, akaita na jirani zake wawili. Nililinda mashamba matatu kutoka dungu moja tangu saa sita mpaka saa tisa, na nasema wazi kwamba ndege walinishinda. Mwenye shamba aliporudi aliyatazama masuke, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe chanjo ina gharama." Lakini siku iliyofuata Bwana Athman hakungoja kwa chifu. Alitoka dungu hadi dungu na gunia lake begani, akachanja kivulini mwa kila dungu, akamaliza Kulesa yote kabla ya jua kuwa kali. Wazee sita walilalamika kwamba baraza limedharauliwa.

Siku ya tano tulikuwa Garsen. Hapa sikuwa na kazi. Watu walikuwa wamepanga mstari kabla hatujafungua mfuko, na mstari ulizunguka maduka mawili, kwa sababu wiki iliyotangulia msafiri mmoja alifia nyuma ya duka kwa ndui, na wengi walimwona alivyokuwa. Aliyeiona ndui hahitaji mkalimani. Bwana Athman alifanya kazi siku mbili mfululizo, na dawa iliyobaki akaiweka kwa mwenye duka aliyekuwa na friji ya mafuta ya taa, kati ya siagi na soda.

Habari tulizozipata hapo hazikuwa nzuri. Yule msafiri alitoka upande wa ng'ambo, kwenye visima ambako Waorma hunywesha ng'ombe. Huko hakuna aliyechanjwa.

Tulimpata wa kutuongoza, jina lake Wario, Muorma mrefu aliyekuja kuuza dume mnadani na sasa anarudi kambini kwao. Alikubali kwa kuwa tunakwenda njia moja. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kwenye kivuko, lakini kivuko kilivusha ng'ombe kwanza, kisha punda, kisha sisi.

Tulitembea siku nzima kwenye mbuga iliyo tambarare kama sinia. Wario alitembea mbele, mkuki begani, akisema nami kwa Kiorma. Lugha hiyo niliijua utotoni, baba yangu alipokuwa akibadilishana mahindi kwa maziwa.

"Mpokomo, tembea upande ule," alisema. "Upepo unaniletea samaki."

"Ng'ombe zenu zikiacha kula mahindi yetu, tutaacha kula samaki."

Alicheka mpaka akasimama. Nilimpenda. Nalisema mapema kwa sababu ya yaliyofuata.

Jua linakaribia kutua tukafika. Nyumba zilikuwa kama ishirini, za nyasi, za mviringo, zimekaa kama vikapu vilivyofunikwa. Tulisalimiana kwa amani ya watu, amani ya ng'ombe, amani ya majani, amani ya mvua ambayo haijanyesha. Mwenye sauti pale hakuwa Wario. Alikuwa shemeji yake, mjane aitwaye Halako, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, aliyekuwa akipeleka samli Garsen tangu kabla duka la kwanza halijajengwa. Alitupa maziwa yenye harufu ya moshi, akaniambia niseme tumefuata nini.

Hapo nilifanya kosa. Neno la kuchanja nililolijua kwa Kiorma ni lile la ng'ombe, kwani nilipokuwa mdogo hakuna aliyekuwa akichanja watu. Nikasema kwamba asubuhi dresa atawachanja watoto wao, nikitumia neno hilo. Walitazamana. Halako akauliza ni saa ngapi. Nikasema saa mbili. Akasema vema.

Saa mbili asubuhi watoto walikuwa ndani ya boma la ng'ombe. Wanaume wawili walisimama kwa fimbo kila upande wa ile njia nyembamba ya miti ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja, wakisubiri amri. Bwana Athman alisimama mwisho wa njia na themosi yake. Mtoto wa kwanza alipitishwa. Alikuwa na kikohozi. Wa pili alikuwa na macho yaliyozibwa na usaha. Wa tatu alibebwa, kwa sababu miguu yake haikuweza.

Bwana Athman alianza kuwahesabu, "Mmoja, wawili, watatu," kama afanyavyo kila mahali, na mama wa yule wa tatu akamfunika mwanawe kwa nguo akageuka kuondoka. Nikamnong'oneza kwamba hapa watoto hawahesabiwi, kuhesabu ni kuwaita wafe; ahesabu vijiti vya kioo atakavyovunja. Akakubali. Lakini hakuvunja hata kimoja.

"Wote hawa ni wagonjwa," aliniambia. "Siwezi kumtanja mgonjwa. Wazima wako wapi?"

Nikamgeuzia Halako. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Daktari wa ng'ombe alipokuja tulimpelekea waliokonda," alisema. "Wakifa, hasara ni ndogo. Wasipokufa, tunaleta wanono. Wazima wako kwa ndama, mbali."

Nikatafsiri. Bwana Athman akakaa juu ya gogo.

"Na masikio?" Halako aliendelea.

"Masikio gani?"

"Ng'ombe waliochanjwa mlikata masikio, iwe alama. Kisha mkasema karantini, wasitoke hapa. Tulikaa miezi minne mpaka majani yakaisha na tukala ngozi. Watoto mtawakata masikio?"

"Mtoto hakatwi sikio. Na hakuna karantini."

"Yule wa ng'ombe naye alianza hivyo hivyo," alisema Wario. Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa wao.

Nilieleza tena, polepole, kwamba nilikosea neno, kwamba hii ni ya watu, kwamba Serikali haitaki ng'ombe wala watoto wao, na kwamba ndui iko kisimani. Walisikiliza kwa adabu. Halako aliningoja nimalize.

"Wewe mla samaki, una mtoto?"

"Nina binti."

"Amechanjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hola ni mbali, hakuna ambaye angekwenda kumtazama mkono. Nilifikiri hivyo, sitaficha, na nilifikiri kwa muda wa kutosha kiasi kwamba Bwana Athman aliniuliza wanasema nini.

"Hajachanjwa," nilisema.

"Kwa nini?"

"Mama yake hataki."

"Kwa nini hataki?"

"Kwa sababu mwanangu wa kwanza alichanjwa, na akafa kwa ndui."

Mama mmoja alimchukua mwanawe akatoka bomani. Kisha wa pili.

"Umewaambia nini?" Bwana Athman aliuliza.

"Habari za Komora."

"Wallahi umenimaliza, ndugu yangu." Akaanza kufunga gunia.

Sina ushujaa wa kudai kwamba ningeendelea. Nadhani ningenyamaza hapo na tungerudi Garsen. Lakini Halako aliuliza swali moja zaidi, ambalo kwetu hakuna aliyekuwa ameniuliza, si jirani, si mama yake Komora, si mimi mwenyewe nilipokuwa namwosha maiti.

"Mkono ulivimba?"

"Haukuvimba."

"Haukutoa usaha? Hakupata homa?"

"La."

"Mbona?"

"Niliuosha. Kwa maji ya chumvi. Dresa alikuwa amekataza. Nikapaka na majivu."

Halako aliinama akachora kwa fimbo mchangani kichwa cha ng'ombe. Alichora vizuri. Akaelekeza juu ya pua. Ng'ombe wanapoingiwa na homa ya mapafu, alisema, wao wenyewe, tangu babu zao, huchukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa, wakapasua ngozi juu ya pua ya mzima, wakakitia, wakafunga. Pua lazima ivimbe iwe kama buyu. Ng'ombe huumwa, kisha haumwi tena maisha yake yote. Isipovimba, kazi haikufanyika, na mwenye akili huirudia.

"Sasa wewe," alisema, "uliosha pua ya ng'ombe."

Watu walicheka. Si wote, lakini wengi. Nilikuwa sijasikia mtu akicheka juu ya jambo lile, na nilishangaa kwamba sikukasirika. Nikamweleza Bwana Athman yote, pamoja na ya chumvi. Halako hakucheka. Alimgeukia Bwana Athman na kumwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii mtu yako najua ng'ombe kidogo sana. Wewe ngoja. Sisi naleta watoto mzuri."

Saa tisa alasiri watoto wazima walikuja kutoka kwenye ndama. Hawakupitishwa kwenye njia ya miti. Walikaa mapajani mwa mama zao, na Bwana Athman alikwaruza mikono mpaka jua likawa jekundu, akivihesabu vijiti tu. Watoto wa pale hupakwa samli mwili mzima kila asubuhi, wakang'aa. Halako alitangaza kwamba mkono wa kushoto hautaonja samli mpaka gamba lidondoke, na kwamba atakayeuosha atakuwa jamaa ya yule mla samaki.

Wario hakuleta wanawe. Alfajiri nilimkuta mkewe akifungua nyumba, miti yote iko juu ya ng'ombe wa mizigo. Nyumba mbili zilikuwa zikihama pamoja naye.

"Wario, umesikia jambo langu," nilimwambia. "Kosa halikuwa la dawa."

"Nimesikia." Alikuwa akikaza kamba. "Kila aliyefiwa hutafuta mkosaji. Wewe umejipata wewe, kwa kuwa uko karibu. Hilo halinionyeshi kwamba dawa ni njema."

Aliniaga vizuri. Alisema upepo umebadilika, hauleti tena samaki. Wakaondoka kuelekea visimani.

Tulizunguka kambi nyingine mbili, na baada ya siku nane tukarudi kwa Halako kutazama mikono. Kambi ilikuwa imehama nusu siku kufuata majani, lakini alikuwa ametuachia mtu. Mikono mingi ilikuwa imevimba na kutoa lengelenge lenye kitovu katikati, na watoto walikuwa na homa na hasira. Halako alitembea mbele ya dresa akibonyeza makwapa ya watoto, kama abonyezavyo ndama, akitangaza kabla Bwana Athman hajafungua mdomo: "Hii imekubali. Hii imekubali. Hii hapana."

Mmoja wa wale wa hapana alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Mkono ulikuwa laini, unang'aa. Mama wa mtoto alitazama chini. Halako aliushika mkono ule.

"Nilimpaka samli," alisema. "Siku ile ile. Mkono una mazoea yake."

"Uliosha pua ya ng'ombe," nilimwambia.

Akanipiga begani kwa kata ya maziwa, na akanitukana kwa jina la samaki nisiyemjua. Kisha akamkalisha mtoto mapajani mwake yeye mwenyewe na kumshikilia mpaka Bwana Athman alipomaliza kumkwaruza tena.

Nilimuuliza habari za Wario. Hakuwa nazo. Sina habari zao hata leo, na sitabuni.

Siku ya kurudi tulikaa kwenye kivuko tangu saa saba tukingoja zamu yetu nyuma ya ng'ombe. Bwana Athman alikuwa na themosi tupu mapajani. Kwa muda mrefu alikuwa akiifungua na kuifunga.

"Ndugu yangu," alisema, "siku nilipomtanja mwanao, barafu ilikuwa imeyeyuka tangu yana yake. Niliyua. Kiyiyi chenu kilikuwa cha mwisho kwenye ndia, nikaona haya kurudi na dawa mkononi." Akaipangusa themosi kwa kanzu. "Huenda si kuosha kwako. Huenda dawa ilikuwa maiti kabla sijamgusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Kivuko kilifika. Tukapanda. Tulipofika ng'ambo tukazungumza juu ya chakula.

Kutoka Garsen tulipata gari la mizigo lililokuwa likipeleka saruji Hola, dresa akakaa mbele kwa dereva na dawa aliyokuwa ameiacha kwenye friji. Nilikaa juu ya mifuko siku nzima nikiwaza. Nilikuwa nimeondoka na siri moja, narudi na mbili. Nikimwambia mke wangu ya dresa peke yake, nitakuwa sijasema uongo, na nyumba yangu itatulia. Ila Hawa hatachanjwa kamwe, maana nani atampa mwanawe dawa inayokufa bila kuonekana? Nikimwambia ya kwangu peke yake, huenda Hawa akachanjwa, lakini nitakuwa nimebeba hata kisichokuwa changu, na huo nao ni uongo. Barabara ilikuwa mbaya. Tulifika nimekuwa mweupe kwa saruji mpaka kwenye nyusi.

Saa kumi na moja jioni. Mke wangu alikuwa akipepeta, Hawa mgongoni. Aliniletea maji. Kabla sijanawa nikamwambia yote, ya chumvi kwanza, kisha ya joto, kwa mpangilio uliotokea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miezi mitano nikilaani dawa mbele ya watu, wewe unanisikia, unajua?"

"Ndiyo."

Alipepeta ungo mzima. Pumba zilikuwa zimekwisha kutoka, lakini aliendelea.

"Hilo la joto ni la Mungu na la huyo Mkipini," alisema. "La chumvi ni lako."

Asubuhi hakuniamsha. Nilipotoka nje alikuwa amekwisha kwenda Hola na mtoto. Niliambiwa baadaye na waliokuwapo kwamba alimwambia dresa afungue themosi, akatia kidole chake ndani, akakiacha humo mpaka akaridhika kwamba ni baridi, ndipo akamfungua Hawa. Akina mama waliokuwa nyuma yake nao wakatia vidole. Bwana Athman amelalamika kwangu kwamba sasa kila mama wa Hola hutia kidole.

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Nilikuwa nikidhani wanaokataa chanjo ni watu wasiojua, na nimewaona: mmoja alikuwa na ndege, wengine walikuwa na karantini, mmoja alikuwa na akili kuliko mimi na bado alihama. Wa kwangu alikuwa na mume aliyenyamaza. Hao hawakuhitaji kufundishwa na mimi. Walihitaji kuambiwa lote, pamoja na lile linalomwaibisha msemaji.

Kwa siku nane mke wangu hakunipa Hawa nimshike. Alilala naye upande wa pili wa nyumba, na maji ya kumwogesha alipasha mwenyewe, na chumvi aliihamishia kwa mama yake. Sikulalamika. Siku ya sita aliniita.

"Baba Komora. Njoo uone. Usiguse."

Nilisimama mlangoni. Alimgeuza mtoto kwenye mwanga. Mkono ulikuwa umevimba, mwekundu, na lengelenge limesimama juu yake, na Hawa alikuwa akilia kwa sauti ya mtoto mwenye nguvu. Nikaona. Sikugusa.